Kamba Katikati ya Darasa Langu

Raskazone, Tanga
Jumamosi, mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumai barua hii inakukuta umekaa vizuri, goti limepunguza kelele, na yale matone ya macho unayaweka kama daktari alivyosema, si kama unavyojiamulia mwenyewe. Mama naye kifua kimetulia? Mwambie michembe yake ya viazi vitamu ilifika salama. Walimu wenzangu waliitafuna yote huku wakilalamika kwamba nimewalisha kuni, na hawakubakiza hata kipande.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio sijui, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungesikia nusu, nusu nyingine ungeitikia tu "ndiyo, ndiyo" ili nisijue kwamba masikio yamezidi kuziba. Hili nataka ulipate lote, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuniambia kama nilikosea.

Unajua kwamba mwaka huu nimepewa kidato cha nne. Wasichana arobaini na mmoja, wote wa bweni, na keshokutwa Jumatatu wanaanza mtihani wa taifa. Mwezi uliopita, katikati ya marudio, tetekuwanga iliingia shuleni. Usicheke, Baba. Najua kwetu ni ugonjwa wa watoto wa kunyonya, lakini ukiingia kwenye bweni lenye vitanda vya juu na chini, na wasichana wakubwa ambao hawakuupata udogoni, huwalaza chini kwa homa siku nyingi. Wa kwanza kutoka vipele alikuwa Mwanahawa, Mzigua wa Mkwaja, kule chini ya Pangani. Baada yake wakafuata wanane.

Mkuu wa shule akaamuru watengwe. Wagonjwa tisa wakahamishiwa jengo la zamani lililo mwisho wa uwanja, na mlinzi akafunga kamba ya katani kutoka kwenye mwarobaini hadi kwenye tangi la maji. Huku wazima, kule wagonjwa, hakuna kuvuka. Matroni wetu, Bi Mwanatumu, Mdigo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ndiye peke yake aliyekuwa akiingia na kutoka. Yeye aliugua akiwa mtoto. Alikuwa akiwaogesha kwa maji ya mwarobaini na kuwapaka ile dawa ya pinki mpaka wakafanana na kuta zilizopakwa rangi nusunusu.

Ugonjwa wenyewe haukunitisha sana. Kilichonitisha ni darasa. Siku ya tatu tu nilikuta daftari la Mwanahawa limetupwa nje ya dirisha, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa nalo karibu. Wakampa jina, Mama Tete. Darasa hili, Baba, lilizoea kusoma kwa makundi, mwenye hesabu anamvuta asiye na hesabu, mwenye Kiingereza anamsukuma mwenzake. Mwanahawa ndiye aliyekuwa akiwafundisha hesabu. Sasa mwalimu wao wa hesabu alikuwa upande mmoja wa kamba na wanaoshindwa hesabu upande wa pili, na hawasemezani. Mkuu akaniita ofisini. "Kabula, tafuta namna ya kuwaunganisha hawa watoto bila kugusana. Wakiingia kwenye mtihani hivi, tumekwisha."

Nikaanza na vishikwambi. Ni vile vidude vya kioo kama simu kubwa, tulivyogawiwa sisi walimu. Changu nikakipeleka kule kwa wagonjwa kupitia kwa matroni, na cha mwalimu wa kemia kikabaki darasani. Kila jioni baada ya chai tunapigiana, wanaonana nyuso. Mwanzoni waliangaliana kama watu waliokutana hospitali. Nikawapa kazi ya ramani. Upande wa wazima wachore milima ya Usambara na mto Pangani unavyoshuka, upande wa wagonjwa wachore pwani na mdomo wa mto, wakielekezana kwa maneno tu bila kuonyeshana karatasi. Tulipokuja kuziweka ramani pamoja kwenye kioo, mto ulitoka milimani ukamwagika baharini karibu na Horohoro, kule mpakani na Kenya, na upande wa pili ukaingia baharini mto mwingine usiotoka popote. Walicheka, Baba. Hata Mwanahawa alicheka, akashika mbavu kwa sababu vipele vilimuuma akicheka. Nikatoka pale najiona mwalimu kwelikweli.

Sifa ile ndiyo iliyoniponza. Nikataka kuongeza.

Unamkumbuka Mzee Mgaya, yule mtani wako Mzigua mliyekuwa naye kazini reli? Siku tuliyomzika Bibi nilikuwa darasa la tatu. Aliruka akaingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akasema hazikwi mtu mahali hapa mpaka apewe kuku, maana marehemu alimwahidi. Na wewe, uliyekuwa hujatamka neno siku mbili, ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na baada ya hapo ndipo ukala. Sikusahau. Na tangu nifike huku, Wazigua na Wadigo na Wabondei wa shuleni wamekuwa wakinitania kila siku kwa Unyamwezi wangu, Bi Mwanatumu akiona nimebeba kapu tu ananiambia nimerudi kwenye upagazi wa babu zangu. Basi nikaona hiki ndicho kitu. Nikatangaza mashindano ya utani baina ya pande mbili za kamba. Nikasimama mbele ya darasa, kishikwambi kimewashwa, nikasema: "Leo wote ni watani. Hakuna kukasirika."

Baba, nisikilize. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Msambaa akamwambia Mzigua kwamba kwao wanaogopa baridi hata ya friji. Mzigua akajibu. Walikuwa wakipiga kelele mpaka wale wa kidato cha pili wakaja madirishani. Kisha zamu ya Mwanahawa ikafika, akamgeukia Hellena.

Hellena ni binti wa kambi ya mkonge, upande wa Muheza. Babu yake alitoka kusini kabisa, mpakani na Msumbiji, akaja kukata mkonge, na familia imebaki hapo. Ni mtoto mchapakazi, mwenye mdomo, na mpweke kuliko anavyotaka watu wajue. Mwanahawa akamwambia, "Hellena, wewe siku ya mtihani utauliza kwanza kama wanagawa wali." Watu wakacheka. Hellena naye akasimama, anacheka, akakisogelea kishikwambi, akasema:

"Heri mie naulizia wali. Wenzako hurithi mashamba, wewe mama yako amekurithisha tetekuwanga."

Hapa kuna jambo sijakuambia, Baba. Mama yake Mwanahawa alifariki mwaka huu huu. Mtoto aliomba ruhusa akaenda kwenye arobaini, na huko ndiko alikoupata ugonjwa, kwa watoto wa jamaa waliojaa nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Niliona uso wa Mwanahawa kwenye kile kioo, ukiwa na madoa ya pinki, hausogei. Kisha kioo kikazima. Alikizima mwenyewe.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Wasichana wa pwani wakamzingira Hellena kwa maneno, wale wa makambi ya mkonge wakasimama upande wake, na kabla kengele ya chakula haijalia nilikuwa na darasa lililokatika vipande vitatu. Wakati wa chakula cha jioni Hellena alikaa peke yake kwenye benchi refu. Bi Mwanatumu alinikuta jikoni, akanivuta pembeni.

"Mwalimu weye, nani kakwambia utani watangazwa? Utani mtu huzaliwa nao. Yule Hellena hana utani na Wazigua, hana. Angesema mtani, mtoto angelia na kucheka papo hapo, ikaisha. Kasema mtu baki. Hayo si utani tena, ni tusi la maiti."

"Mimi nilisema ni mchezo tu."

"Ndiyo. Wewe ndiwe uliyemtia yule mtoto maneno hayo mdomoni."

Sikulala vizuri siku zile, naona aibu kukwambia. Na kesho yake matroni akanipa habari nyingine. Mwanahawa aliomba simu ya matroni akampigia babu yake aje amchukue. Babu huyo ndiye aliyebaki nyumbani na wadogo zake watatu. Kila mtu alijua maana yake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba kabla ya mtihani, na Mwanahawa akishafika Mkwaja, akaanza kupika na kuogesha wadogo zake, nani atamrudisha? Yule mtoto angekuwa mwalimu wa hesabu, Baba. Angekuwa mzuri kuliko mimi. Na mimi ndiye niliyemfukuza kwa mchezo wangu.

Jumamosi, wiki mbili kamili leo, babu huyo, Mzee Sefu, alifika. Alitoka Mkwaja alfajiri, akavuka na pantoni Pangani, akapanda basi, akashuka kwenye bajaji langoni kwetu mchana jua likiwa kali. Ni mtu mrefu, mkavu, mpole wa sauti. Mkuu wa shule alimsihi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, mama. Lakini mtoto kaniita. Nami sina mwingine wa kuniita baada ya mama yake."

Tukamtolea benchi chini ya mwarobaini, mwanzo wa kamba. Upande wa pili Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye ngazi na mfuko wake miguuni. Vipele vyake vilikuwa vimekauka, lakini wenzake kadhaa nyuma yake bado walikuwa wabichi. Darasa zima la huku lilikuwa limesimama ukutani bila kuitwa. Mzee akavua kofia yake, ile ya kushonwa kwa mkono, akaiweka kwenye benchi ili afute jasho.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Au najua, nilipata kwako. Niliichukua ile kofia, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaificha mgongoni.

"Mtani," nikasema, "mimi ni Mnyamwezi wa Nzega. Kofia hii nimeiteka. Hutoki hapa na mtoto."

Mkuu wa shule alifumba macho. Mwanamke kuchukua kofia ya mzee wa watu, tena mwenye msiba! Kama angeona ni matusi, nilikuwa nimeongeza tusi juu ya tusi, na pengine kazi yangu ilikuwa imekwisha hapo hapo. Mzee Sefu aliniangalia.

"Mnyamwezi wa Nzega?"

"Ndiyo, Babu."

"Mizigo yote walobeba babu zako kuileta Pangani haikuwatosha. Leo wataka kubeba na kofia yangu."

Bi Mwanatumu aliangua kicheko, na walimu wakapumua. Mimi nilitaka kulia. Lakini mzee hakucheka. Aliinua kidole.

"Sikiza, mtani. Kofia umeteka, ni haki yako, sikudai. Lakini mtani huteka mali, hateki mtu. Mtu aulizwa mwenyewe." Akageuka kule ng'ambo ya kamba. "Mwanahawa. Mjukuu wangu. Wataka twende au wataka kukaa?"

"Twende, Babu."

Alisema bila hata kufikiri. Akasimama, akashika mfuko. Hapo, Baba, nilijua nimeshindwa. Nilikuwa nimetumia kila nilichonacho, mpaka na jina la kwetu, na hakikutosha.

Ndipo Hellena akatoka ukutani. Alipita mbele yangu akikimbia, akainama chini ya kamba, akavuka. Mlinzi akapiga kelele, mkuu akapiga kelele, mimi nikaita jina lake mara mbili. Hakusimama. Alikwenda mpaka kwenye ngazi akakaa karibu kabisa na Mwanahawa, bega kwa bega, na hajawahi kuugua tetekuwanga maisha yake yote. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasiowahi kuugua, niliyoiandika kwa mkono wangu.

"Ondoka hapa," Mwanahawa akamwambia.

Hellena akatikisa kichwa. Alikuwa akilia kwa sauti, vibaya, kamasi zinamtoka, wala hakuomba radhi. Nadhani alitaka, ila hayakutoka. Akamshika mkono wenye magamba ya vipele, akaung'ang'ania kwa mikono yake miwili.

"Umeshajipaka sasa, mwehu wewe! Utaugua kwenye mtihani!"

"Basi n'ugue."

Mwanahawa alijaribu kuuvuta mkono, ukashindikana. Akaangalia huku kwetu, kwa wenzake waliosimama ukutani na ambao hakuna hata mmoja aliyesogea. Akamwangalia Hellena. Kisha akaacha mfuko ukaanguka kwenye ngazi.

"Babu," akasema, "huyu mtu hana akili hata kidogo. Nikimwacha humu hana wa kumwangalia."

Mzee Sefu aliuliza wadogo zake Mwanahawa awaambie nini, na Mwanahawa akasema awaambie anakuja mtihani ukiisha. Wakaagana kwa mbali, kila mmoja upande wake, mzee ameinua mikono anamwombea dua. Nilipomrudishia kofia, alikataa. "Kaa nayo, mtani. Siku nikija kuifuata, nataka nimkute mtoto kamaliza." Akaondoka kuelekea barabarani kichwa wazi kwenye lile jua, mkono juu ya utosi. Kofia iko kwenye sanduku langu, nimeifunga kwenye kanga safi.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa kizuri. Mkuu alinipa barua ya onyo, na nilistahili. Hellena hakuruhusiwa kurudi upande wa wazima, kwa kuwa matroni anasema ugonjwa huu hukaa mwilini wiki mbili, hata tatu, kabla ya kujionyesha. Siku mbili za kwanza Mwanahawa alikuwa hamsemeshi, anamwekea tu maji ya kuoga na kuondoka. Siku ya tatu nilipopiga kishikwambi niliwakuta wanagombana juu ya duara na pembe zake, Mwanahawa anamwambia "huoni, huoni!" na Hellena anajibu "naona, ila siamini." Tangu hapo somo la hesabu linatoka kule ng'ambo kila jioni, Mwanahawa anaandika kwenye ubao wa zamani na darasa zima linanakili kutoka kwenye kioo. Wale waliotupa daftari lake dirishani ndio wanaokaa mbele kabisa. Sijabuni mchezo mwingine wowote.

Wagonjwa wengine wamepona wote na wamerudi kwenye vitanda vyao. Mwanahawa naye aliruhusiwa tangu wiki iliyopita. Alikataa. Kwa hiyo kamba bado ipo, kwa ajili ya wawili tu, na kila asubuhi nasimama hapo mwanzo wa kamba, Hellena ananigeuzia shingo, ananionyesha mikono, matroni anamwangalia mgongo. Siku kumi na nne, hakuna kitu. Kila siku inayopita naogopa zaidi, maana mtihani unasogea. Namwona jinsi anavyotaka kufaulu, na najua alivuka ile kamba kwa kosa nililolianzisha mimi.

Hilo ndilo ninalokuuliza, Baba. Nilikosea utani, hilo nimekubali. Lakini kuchukua ile kofia, je? Nilikuwa na haki, au nilijificha nyuma ya desturi ili nisibebe aibu yangu? Niandikie ukweli, usinionee huruma.

Nisalimie Mama sana. Kaka mkubwa na mkewe wasalimie, waambie nguo za mtoto nitazituma likizo. Shangazi wa dukani mwambie sijamsahau. Mdogo wangu wa sekondari mwambie aache kusoma akiwa amelala, atakuja kuvaa miwani kabla yako. Na ukimwona mjane wa Mzee Mgaya, mpe shikamoo yangu.

Nilikuwa nafunga hapa, Baba, nikasimama kutafuta bahasha. Kishikwambi kikalia. Saa hizi hawapigi kamwe. Alikuwa Mwanahawa, uso mkavu kabisa.

"Mwalimu, Hellena katoka vipele. Viwili shingoni, kimoja nyuma ya sikio."

Nikamwambia nakuja.

"Usije. Ninaye mimi. Iwekeni ile dawa ya pinki kwenye kamba nitaifuata." Nyuma yake nilimsikia Hellena akisema kanuni ya eneo la duara kwa sauti, anaikosea, anaanza upya. "Na mwambie Mkuu, hiyo Jumatatu, kile chumba cha wagonjwa watuwekee meza mbili. Si moja."

Nafunga bila kurudia kusoma. Nakwenda kutafuta meza ya pili.

Binti yako akupendaye,
Kabula